Nilivyompigisha dada nyungu ya corona mpaka figo zikagoma

Heshima kwenu wakuu. Hii naiandika bila kuongeza chumvi, maana mkosaji ni mimi mwenyewe na sijitetei.

Dada yangu Mwanaidi anauza vitenge Kariakoo. Wauzaji wa kule mnawajua, na yeye ni hivyo hivyo: maji hanywi tangu asubuhi, kwa sababu choo kiko mbali na akitoka tu mteja anahamia fremu ya jirani. Miaka nenda rudi ameishi hivyo.

Kipindi cha corona akapata homa, kikohozi na mwili kuuma. Tukamleta kwangu Ilala. Hospitali hakutaka, na mimi sikumbembeleza, kwani bingwa wa nyungu, kule kujifukiza kwa mvuke wa majani, mtaa mzima nilikuwa mimi.

Mchaichai, mwarobaini, mikaratusi, limau. Blanketi juu.

Mara tatu kwa siku, na vidonge vya maumivu kila akilalamika.

Jasho lilimtoka mpaka godoro likalowa. Nikasema ndiyo yenyewe, ugonjwa unatoka.

Akiomba maji nampa funda moja tu. Niliamini maji yanapoza nyungu. (Msicheke, mtaani kwetu tulioamini hivyo tulikuwa wengi.)

Siku ya nne akaniambia hajakojoa tangu jana. Wakuu, nilifurahi. Nikamwambia sumu yote imepitia kwenye jasho, mkojo utoke wapi?

Kesho yake uso ukavimba, akawa anatapika na kuongea vitu visivyoeleweka. Ubingwa ukaniisha. Nikakodi bajaji mbio hospitali.

Daktari akauliza mara ya mwisho amekojoa lini. Nikamshushia nadharia yangu yote ya jasho, tena kwa kujiamini. Aliniacha nimalize, kisha akasema:

"Corona yenyewe inaweza kushambulia figo. Na wewe ukamkausha maji, ukamjazia dawa za maumivu. Figo zimesimama."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mimi corona nilijua ni mapafu tu.

Akawekewa oksijeni, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, ile dialysis. Siku za mwanzo mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu. Nikimwona nesi nauliza mkojo kwanza, salamu baadaye.

Asubuhi moja nesi akaja kuniambia umepatikana kidogo. Mtu mzima nikalia pale koridoni kwa sababu ya mkojo wa dada yangu. Ukaongezeka, mashine ikaondolewa. Leo yuko dukani kwake, na kliniki ya figo anahudhuria.

Sasa nawaambia bila kumung'unya: mgonjwa wa corona usimwangalie pumzi peke yake. Mkojo ukipungua au ukiwa mweusi, wahi hospitali. Na vidonge vya maumivu usivigawe kama karanga.

Mliopitia haya ya figo, karibuni mtoe yenu. Wa kunisema pia karibuni, ila kwa kunichoma hamtamfikia Mwanaidi. Siku nilipomwomba msamaha aliniangalia kwa upole, akasema:

"Najua ulinipikia kwa mapenzi, mdogo wangu. Lakini nilikwambia nina kiu."