Shanga za Bujumbura

Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Kibondo, mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi, kabla hata ya mama. Alinikuta kwenye chumba changu cha kazi, ambacho zamani kilikuwa jiko letu la nje hapa Kasulu. Nilikuwa nimevaa miwani nyeusi, mtungi wa gesi miguuni, moto unanguruma. Alisubiri nizime.

"Dada, naolewa," akasema. "Na shanga utanitengenezea wewe. Sitaki za dukani."

Kazi hiyo nilijifunza Arusha, katika karakana iliyokuwa ikigeuza chupa kuwa mapambo ya watalii. Baba alipofariki nikarudi kukaa na mama, na mdogo wangu wakati huo alikuwa sekondari. Kwetu watalii hawafiki, lakini chupa zipo. Nilikuwa napita asubuhi na gunia nyuma ya mabaa, naokota zilizovunjika, za kijani na za kahawia. Nyumbani naziloweka, nazisugua mpaka karatasi zitoke, nazipasua vipande vyembamba. Kipande nakishika kwa koleo na kukisogeza motoni polepole, maana kioo cha chupa kina hasira, ukikiharakisha kinakurukia usoni. Kikilainika nakizungushia kwenye spoku ya baiskeli niliyoipaka udongo na majivu, ili ushanga usigande. Mkono hauruhusiwi kupumzika. Ukisimama kidogo tu, ushanga unavimba upande mmoja kama shavu la mtu anayeumwa jino. Ukishakaa sawa naufukia kwenye sufuria ya majivu ya moto, upoe taratibu mpaka kesho yake. Ukiutoa kwa pupa, unapasuka.

Mdogo wangu alitaka bluu. Baa za Kasulu hazina chupa za bluu. Nilikwenda mpaka Manyovu, mpakani, nikauliza kila mwenye duka, na mama mmoja akanipa chupa mbili za kinywaji ambacho yeye mwenyewe hakujua jina lake. Nilijaribu kuchanganya bluu hiyo na kijani changu, shanga zikapasuka zote ndani ya majivu, kwa sababu kioo cha chupa moja hakipatani na cha nyingine. Nikaanza upya, rangi moja moja. Kiangazi chote niliinama kwenye moto ule. Jumapili, tukitoka kanisani, mdogo wangu alikuwa anakaa mlangoni kwenye kigoda, anatungua shanga kutoka kwenye spoku na kuzisuuza udongo, huku akiniuliza mambo ya ndoa kana kwamba mimi nayajua. Tulicheka sana kiangazi kile.

Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, wakwe walikuja kutoka Kibondo wamevaa vitenge vya sare. Mama wa bwana harusi alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Mdogo wangu alitoka ndani akisindikizwa na kwaya, shanga zangu shingoni na mkononi. Jua lilikuwa linazipenya. Nilijisikia kulia, nikajizuia, maana nilikuwa nimeshika birika na beseni, nawanawisha wageni.

Mama mkwe alimshika bibi harusi mkono, akaziinua shanga kwa vidole.

"Mwanangu, hizi umezipata wapi? Kibondo sijaziona."

Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Niliteremsha birika kidogo, nikajiweka tayari kutambulishwa.

Mdogo wangu aliniangalia. Aliniona vizuri kabisa. Kisha akasema, "Shangazi yangu kaniletea kutoka Bujumbura."

"Mnaona?" mama mkwe akawageukia wenzake. "Za Bujumbura!"

Wakazipapasa mmoja baada ya mwingine. Mimi nikaendelea kumimina maji, mpaka mgeni niliyekuwa namnawisha akasema kwa upole, "Basi mwanangu, yanatosha."

Mama alikuwa amesikia. Nilipopita karibu naye alinibana kiwiko, akaninong'oneza kwa Kiha ninyamaze, leo ni siku ya watu.

Nilimfuata mdogo wangu chumbani alipokwenda kubadilisha gauni.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Dada, hawa ni watu waliookoka. Ningewaambia nimevaa chupa za bia shingoni?"

"Ungewaambia umevaa kazi ya dada yako."

"Usinilize leo, poda itaharibika."

Basi akaenda Kibondo na shanga zake za Bujumbura. Nilijipa moyo kwamba ni woga wa siku moja. Lakini haukupita muda mrefu akanipigia simu, sauti tamu kama ya zamani, akasema mawifi zake nao wanazitaka. Nimtengenezee, atawaambia shangazi ametuma tena. Nilimwambia shangazi hajawahi hata kushika spoku, nikakata simu. Nilikaa siku hiyo nzima bila kuwasha moto. Kunikana mbele ya wageni niliweza kumtafutia sababu. Hili la kutaka niendelee kukanwa, tena nisaidie mwenyewe, nilikosa pa kuliweka.

Mvua zilipoanza, yule mama mkwe alikuja Kasulu kwenye mkutano wa kanisa, akapitia kwetu kumsalimu mama bila kutoa taarifa. Mimi nilikuwa kazini nyuma ya nyumba. Nilisikia akiuliza, "Kinachonguruma huko ni nini?"

Na mama yangu mzazi akajibu, "Ni jiko tu. Karibu ndani."

Mama mkwe hakuingia ndani. Alizunguka nyumba aje kumsalimu aliyeko jikoni, akasimama mlangoni kwangu. Juu ya meza palikuwa na spoku zimejipanga, na shanga chache za bluu nilizotengeneza kwa kioo kilichobaki. Nilizima moto. Aliangalia meza, akaniangalia mimi.

"Kumbe Bujumbura ni hapa," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni chupa hizi. Nyingi ni za bia."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mimi kabla sijaokoka nilisomesha watoto wangu kwa pombe ya ndizi. Chupa nimezibeba kichwani mpaka utosi ukaota sugu. Chupa itanifanya nini mimi?" Akavuta kigoda, akaketi, akaniomba niwashe aone.

Ilikuwa nifurahi. Nilimtengenezea ushanga mbele ya macho yake, akashangilia kama mtoto. Lakini ndani nilikuwa naumia kuliko siku ya sendofu, kwa sababu sasa nilijua kwamba nilikanwa bure.

Haikupita wiki, mdogo wangu akaja kutoka Kibondo. Hakuketi.

"Umeniumbua, dada."

"Nimeulizwa, nimejibu. Na mkwe wako hana neno na chupa."

Alitazama gunia langu pale kwenye kona. Aliposema, alisema polepole.

"Haikuwa chupa. Ni wewe. Ulivyokuwa unapita na gunia lako nyuma ya baa, wenzangu shuleni walisema dada yangu ni chizi wa makopo. Nilivumilia miaka. Nikasema nikifika Kibondo, huko hakuna atakayejua."

Nilikumbuka kwamba tulipokuwa tunaongozana asubuhi alipenda kutangulia. Nilidhani anawahi darasa.

Nilivaa miwani, nikawasha moto, na ngurumo ikajaza chumba. Nilipogeuka alikwishaondoka, na chakula mama alichompikia hakukigusa.

Mama mpaka leo anasema nilipaswa kuyamaliza naye siku ile ile, maana damu ni damu. Namjibu kwamba hata yeye aliniita jiko.

Mdogo wangu alipojifungua tulikwenda Kibondo kumpongeza. Mama mkwe alinishika mkono akanitambulisha kwa majirani, "Huyu ndiye fundi wa shanga, dada wa mke wa mwanangu." Mdogo wangu aliinamia mtoto, akimfunga vizuri nguo ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tayari. Nilimpokea mtoto, nikampakata. Ana paji la uso la baba yetu. Nilimpenda palepale, wala sikujilazimisha.

Jioni mdogo wangu alitusindikiza barabarani, mtoto begani. Mama alitangulia kutafuta pa kukaa.

"Dada, umenisamehe?"

"Bado," nikamwambia.

Hakutaka nieleze. Alimhamishia mtoto bega la pili, akasimama pembeni yangu mpaka gari la Kasulu likaja.