Majani Mabichi Chini ya Mbao

Unga wa mbao mbichi ukininukia popote, hata leo nilivyozeeka, kwanza huona haya. Nitawaambia ninyi kwa nini, maana aliyestahili kuyasikia hakuniuliza hata siku moja.

Baba yangu alikuwa mchonga mitumbwi karibu na Garsen, miaka ile ya hamsini, mpaka alipoanguka mtini akavunjika nyonga. Msitu ukamshinda. Akageuza banda la nyuma ya nyumba kuwa karakana, akajiita seremala, na watu wakacheka chini kwa chini. Kazi ya kwanza ililetwa na Bwana Abdi, Msomali mwenye duka: meza mbili ndogo za kuweka kando ya viti vya wageni. Zikiharibika, hakuna ambaye angemletea Baba kazi nyingine. Hilo nililijua vizuri, ingawa nilikuwa na miaka minane tu.

Baba alipasua mbao za mwembe, akazipanga nje ukutani zikauke. "Samaki hukunjwa angali mbichi," alisema. "Mbao sivyo."

Lakini mimi nilikuwa binti wa mchonga mitumbwi. Tangu nijue kubeba kibuyu, kazi yangu ilikuwa kuumwagia maji kila mtumbwi uliochongwa, jua lisije likaupasua. Basi nilipoona ubao mmoja una ufa mwembamba, nilishikwa na hofu. Kila alfajiri nikitoka mtoni nikawa nazinywesha mbao zile. Kufika adhuhuri zimekauka juu, nami najiona mwokozi wa nyumba.

Baba akazikata, akaziunganisha, akazipiga msasa. Zilipendeza, wallahi. Mama alizizunguka mara tatu bila kupata neno la kukosoa, jambo lisilo la kawaida.

Hazikumaliza mwezi dukani. Zilipokauka kwelikweli, viungo vililegea, miguu ikacheza, na chai ya moto ikamwagikia kanzu ya mgeni. Bwana Abdi alizirudisha mwenyewe kwa punda.

"Fundi, meza zako zimelewa?"

Baba alivishika viungo. Kisha akachechemea hadi ukutani zilipokuwa zimepangwa mbao. Kiangazi kilikuwa kimechoma kila kitu, ila pale paliota majani mabichi. Akayatazama sana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu changu.

"Kosa ni langu, Bwana Abdi," alisema. "Niliharakisha. Nipe nafasi nyingine."

Bwana Abdi alikuna ndevu, akakubali.

Mbao mpya Baba hakuzipanga ukutani. Alipanda ngazi na nyonga ile mbovu, akiuma meno, akazilaza juu ya boriti za banda. Nilimuuliza kwa nini anajitesa.

"Mchwa," alisema.

Nikaamini. Nilikuwa na watoto wanne, na Baba amekwisha kufa, siku nilipopandisha chupa ya dawa juu ya kabati ili mdogo wao asiifikie. Nikakaa kitako pale pale, nikalia. Mchwa hupanda hadi kwenye boriti. Asiyeweza kufika kule nilikuwa mimi.