Hodi Kwenye Ukuta wa Gemu

Kitu cha kwanza kuiba maishani mwangu kilikuwa mtogwa, na niliiba kwa babu yangu mwenyewe mzaa baba. Kwa asiyejua, mtogwa ni ulanzi mchanga, pombe ya mianzi, ule uliodondoka kwenye mwanzi na haujachacha bado, mtamu, hata mtoto anakunywa. Babu alikuwa na mianzi bondeni nyuma ya nyumba, huko kwetu vijijini Njombe. Mvua zikianza anakata ncha za mianzi michanga, anafunga mbeta chini yake, yaani kipande cha mwanzi mnene kama kikombe, na matone yanaingia humo polepole. Asubuhi na jioni anapita kugema upya. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamtangulia asubuhi, ukungu umejaa bonde lote, tunakanyaga kwa ubavu wa mguu kwa sababu majani makavu ya mianzi yana kelele kuliko bati. Tukifika tunatumbukiza bua la nyasi kwenye mbeta na kuvuta, kidogo hapa, kidogo pale, isijulikane.

Babu alikuwa akikaa juu kidogo kwenye kigogo, ametupa mgongo, anasuka kikapu. Hakugeuka hata siku moja. Tukajiona wajanja. Mdogo wangu alikufa kwa surua mwaka uliofuata, hilo ni jambo lingine, ila ndiyo maana nikisema tulikuwa wawili huwa nanyamaza kidogo. Babu alikuja kuniambia mwenyewe nikiwa nimeshaoa, amelala, hali yake mbaya. Nilimwomba msamaha kwa ule mtogwa, nikidhani namtolea siri. Akasema alikuwa anatuona kila siku.

"Mbona hukugeuka?"

"Ningegeuka mngekimbia," akasema. "Na visiki vya mianzi vimechongoka."

Basi. Lakini babu huyohuyo aliwahi kunichapa fimbo kwa kumpita jirani nyuma ya mgongo bila kumwambia kamwene, salamu yetu. Kwetu hupiti nyuma ya mtu kimya. Unasalimia, au unakohoa, au unaburuza mguu ajue kuna mtu. Anayenyata ni mwizi au mchawi, hakuna wa tatu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, mengi ya darasani yamenitoka, lakini hilo halijanitoka.

Labda ndiyo maana nilikuwa mlinzi maisha yangu yote. Nilianza kwenye ghala la ushirika Makambako, enzi mahindi na pareto vinaletwa na wakulima wanapanga mstari. Halafu biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao mpaka shambani, wakulima wakawauzia hukohuko, na ghala likabaki na panya. Nililinda ghala tupu miezi mingi. Watu walinicheka, wakaniuliza nalinda upepo? Makambako upepo upo mwingi, kwa hiyo utani ule haukuwa mbaya sana. Baadaye tukapunguzwa kazi wote.

Aliyenichukua ni mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu, mtu wa kuja, mwenye malori ya kwenda mpakani Tunduma na ng'ambo yake. Nikalinda yadi yake. Mwezi wa Ramadhani alikuwa ananiletea futari mimi Mkatoliki, nami Krismasi nampelekea kuku. Ni mimi mwenyewe niliyemwomba ampe mwanangu kazi ya utingo. Nimeandika hili makusudi, ili asije mtu akasema barabara ilinichukulia mtoto. Barabarani nilimpeleka mimi, nimemshika mkono.

Huyo mwanangu ndiye mtoto pekee niliyekuwa nimebaki naye. Mama yake alipougua, yeye alikuwa na lori ng'ambo, limekwama mzigo haujapakuliwa. Tulimpelekea ujumbe kwa madereva. Mke wangu alifariki, tukampeleka kwao, karibu na misheni, tukazika. Mtoto akafika siku ya tisa, vumbi mpaka kwenye kope. Watu bado walikuwa wamekaa mkekani. Mimi sikumpa hata maji. Nikamwambia mbele ya wote:

"Umekuja kumzika nani?"

Alilala pembeni ya moto na wanaume, asubuhi akaondoka. Tukakaa miaka mitatu hatujaonana. Lile neno nililijua ni baya tangu linatoka mdomoni, lakini mdomo nao una kichwa chake.

Sasa ndiyo nafika kwenye gemu.

Siku moja akaja kwangu Makambako, chumba na sebule nilichopanga. Bosi aliuza lile lori baada tu ya msiba, na mwanangu alikuwa amejizungusha huko kusini. Kwenye begi alikuwa na mashine ya gemu ameizungushia sweta kama mtoto mchanga. Akaunga kwenye televisheni yangu ndogo ya mtumba. Akanieleza mipango yake bila kunizungusha: wenzake wako Sauzi wanamsubiri, na mwenye kibanda cha video pale karibu na stendi anaitaka hiyo mashine, akipelekewa atampa nauli. Lakini alikuwa na gemu moja yenye sehemu tatu, sidii tatu, alizinunua zote na hakuwahi kuzicheza. Akasema, "Nikizimaliza hizi tatu, nampelekea mashine, naondoka."

Nikasema sawa. Moyoni nikahesabu: sidii tatu. Ndizo siku nilizopewa.

Mimi nalinda usiku, mchana nipo. Asubuhi nalala kwa saa mbili tatu hivi, nikiamka naye ameshawasha. Siku za kwanza niliangalia tu. Yule mtu wa kwenye gemu kazi yake ni kunyata. Anaingia kwenye ngome, kwenye viwanda, kwenye meli, asionekane. Hapigani akiweza kuepuka. Anajificha nyuma ya mapipa, kwenye makabati, mlinzi akipita yeye anapita nyuma yake. Ile ya kwanza ilichorwa vibaya, watu hawana macho, nyuso kama viazi. Lakini mwendo wake niliujua. Ubavu wa mguu.

Nikawaonea huruma walinzi. Nilimwambia mwanangu, huyu maskini amesimama kwenye baridi, kofia moja, hajaletewa hata chai, halafu nyie mnampita. Akasema, baba, hao ni adui. Nikasema, adui gani, huyu ni mtu wa zamu. Akatabasamu upande mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje.

Siku ya tatu au ya nne akanipa pedi, kile kidude cha kuchezea. Akanionyesha kitufe cha kwenda, cha kuinama, cha kujibana ukutani. Na kimoja cha kugonga ukuta, ngo ngo. Nikafika kwenye mlango, ndani mlinzi amekaa na gazeti. Nikagonga. Mlinzi akainuka, akaja, akaniona, king'ora kikalia, wakanipiga risasi. Nikarudishwa mwanzo wa ile hatua. Nikaenda tena, nikafika mlangoni, nikagonga. Mwanangu akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia napiga hodi.

Alicheka mpaka akalala chini. Alishika tumbo, akataka kusema akashindwa, akacheka tena. Mama mwenye nyumba akaja dirishani kuuliza kuna nini. Mwanangu akamwambia mzee anamwibia mtu na bado anabisha hodi. Akanieleza kwamba kile kitufe ni cha kumdanganya mlinzi, unagonga huku anakuja, wewe unazunguka kule. Nikaelewa vizuri kabisa. Na bado kidole changu hakikukubali. Kila mlango, ngo ngo. Mkono una malezi yake.

Tukaweka utaratibu: anacheza yeye, akikamatwa ananipa mimi, nikikamatwa namrudishia. Kwenye skrini maneno ni ya Kiingereza, alikuwa ananisomea na kunitafsiria, mengine anaruka kwa kuwa naye hajui. Ndiyo tulivyozungumza. Hatukuzungumza jingine. Lakini nikubali, tangu mke wangu afe sikuwahi kukaa na mtu bega kwa bega mchana kutwa, blanketi moja magotini, maana baridi ya mwezi wa sita Makambako haina mzaha. Umeme ukikatika tunabaki tumeangalia kioo cheusi, sisi wawili tunaonekana humo ndani. Mara nyingi hapo ndipo lile neno lilipokuja mdomoni, la kumwambia nilikosea siku ile pale msibani. Umeme ukirudi nalimeza.

Ya kwanza ilikwisha. Nilifikiri itachukua mwezi, ilichukua wiki moja na siku kidogo. Mvulana yule ana mikono myepesi. Nasema mvulana, alikuwa mwanaume wa miaka thelathini.

Kwa hiyo kwenye ya pili nikaanza ujinga wangu. Nilikuwa nimeshajua kutembea, nimeshajua kungoja. Mlinzi mwenzangu ni rahisi kumsoma, najua anapochoka na wapi anaegemea, najua baada ya kuangalia kushoto mara mbili hataangalia tena. Ningeweza kupita. Lakini nikifika mlango wa mwisho wa hatua, pale ambapo ukipita gemu inajiandika kwamba umevuka na hurudi nyuma tena, nagonga. King'ora. Mwanzo. Nampa pedi, naye anaurudia mwendo wote, siku inaisha. Kesho tena. Ya pili ikatupa wiki tatu. Mwenye kibanda alipita mara mbili kuuliza mashine. Mwanangu akamjibu, mzee bado anajifunza.

Ya tatu ilikuwa nzuri, ilikuwa na mji mzima, mapaa, mvua inayoonekana kweli. Tukaenda nayo hivyohivyo, mimi na hodi zangu. Siku moja alikuwa amekaa ananitazama mimi, si skrini. Nikagonga, wakanipiga. Akasema taratibu:

"Baba, unajua kupita hapo."

Nikasema macho yangu hayaoni vizuri.

"Jana ulipita nikiwa nimekwenda dukani. Niliona kupitia dirishani. Ulimpita mlinzi ukabakiza mlango tu, halafu ukarudi kugonga."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia nilikosea, kama kuna mahali Mungu alinitengea, ni pale. Alikuwa amenipa nafasi mkononi kama pedi. Badala yake nikamwambia, "Mimi mlinzi. Mtu akiingia kimya roho yangu haitulii." Akasema sawa, mzee, akachukua pedi, akaicheza ile hatua tangu mwanzo bila kosa hata moja, ikajiandika mlangoni. Ikabaki hatua ya mwisho peke yake.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza, nikamkuta ameshaoga, amevaa koti lile refu la mtumba. Akaniambia hii ya mwisho cheza wewe, baba. Akakaa nami kidogo akinielekeza, halafu akasema anakwenda kunywa maji chumbani. Nikaendelea. Nilicheza vizuri siku ile, nakumbuka, nilipita watu sita bila kuguswa. Nikafika mlango wenyewe, wa mwisho wa sidii ya mwisho, na gemu ikawa inajipakia, skrini ikawa nyeusi.

Kwenye ule weusi nikamwona. Alikuwa nyuma yangu na begi begani. Anatembea kwa ubavu wa mguu. Zipu ya begi ameishika isilie.

Sidhani kama alitaka kuniibia kitu, maana mashine ilikuwa hapa mbele ya magoti yangu, na mashine ndiyo nauli. Alikuwa ameshapata lori la kudandia bila ya hiyo nauli, nilikuja kuambiwa na watu wa yadi. Gemu haikuwa imemshika hata siku moja. Alikuwa akingoja kitu kingine, na mimi nilikuwa nagonga ukuta.

Angekohoa ningegeuka. Nilimsubiri akohoe. Alisimama mlangoni, muda unaotosha mtu kusalimia na kuitikiwa. Mimi nikatazama mbele. Nikamkumbuka babu kwenye kigogo chake, nikasema nikigeuka atakimbia, na huko aendako kumechongoka. Ndivyo nilivyojidanganya. Babu alikuwa na watoto wawili ambao wangerudi kesho asubuhi kuiba tena. Mimi nilikuwa na mtu mzima mwenye begi.

Skrini ikawaka. Mlango ulikuwa pale, mlinzi mmoja, ametupa mgongo. Kidole kikawa juu ya kile kitufe cha kugonga. Sikugonga.

Nikasikia kokoto za uani, halafu waya wa geti ukifunguliwa na kufungwa polepole, kwa adabu. Niliinuka nikiwa nimechelewa, nikafika dirishani na pedi mkononi, waya wake umenyooka mpaka mwisho. Alikuwa ameshapita kwa fundi cherehani, anaelekea barabara kubwa, upepo umeshika koti lake. Hatembei tena kwa ubavu wa mguu. Anatembea kama mtu yeyote anayekwenda zake, wala hakutazama nyuma, na hajarudi.