Mchango wa Asiyekula Samaki

Ashukuriwe Mungu, aliyeyaweka maji mahali pake akatuita kando yake tule na tunywe. Amenilinda tangu nilipokuwa kijana wa kukimbia juu ya mawe kwa miguu mitupu hadi leo, ninapojishika ukutani ili nifike kitandani. Ametulisha miaka yote hii wala hajatudai. Nikishamshukuru Yeye, ndipo nathubutu kufungua kinywa mbele yenu.

Mwanangu, maneno ya kando ya ziwa yananifikia hata hapa nilipo. Nasikia nyinyi wavuvi wa ndoano mmeombwa tena mchango wa hiari, wa kutunza mahali samaki wanapozalia. Nasikia wengine wametoa kwa moyo, na wengine mnanung'unika kwenye simu zenu: kwa nini tutoe sisi, na wafugaji je, na wakulima je? Sikulaumu. Swali lako ni la zamani kuliko wewe. Lakini kabla hujalijibu, kaa kidogo, nikusimulie mchana mmoja tu wa ujana wangu.

Nakumbuka siku hiyo kwa jua lake. Ilikuwa kiangazi kikali, na Mlima Hanang ulionekana kama umesogea karibu kwa jinsi anga ilivyokuwa tupu. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu Tumati, kwenye baridi na mashamba madogo, nikaja kuvua kwa mshipi katika ziwa dogo la maji matamu huku Hanang. Tulikuwa vijana kadhaa wa milimani. Samaki wetu tuliwapeleka Haydom, penye hospitali, ambako ndugu za wagonjwa walitafuta mboga ya kuiva upesi.

Ujue kwamba babu zetu hawakula samaki. Perege wa kwanza niliyempelekea bibi yangu, alimtazama, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimeishiwa akili au nimeishiwa mbuzi. Na majirani zetu wa uwandani, Wabarbaig wenye ng'ombe, hao mpaka siku ile walimwita samaki nyoka wa majini. Kwa hiyo sisi wavuvi tulikuwa wachache, tukichekwa na pande zote mbili.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Bayo, mtu wa kanisa, mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya ndoano. Alitukuta tukilalamika kwamba samaki wamekuwa wadogo kama majani. Kabla yetu watu walikuwa wamevuta kokoro, ule wavu unaokokota kila kitu mpaka tope. Mzee Bayo alitupeleka kwenye ghuba ndogo yenye matete, akatuonyesha vishimo kama visahani ambavyo perege huchimba kwenye mchanga wa kina kifupi ili kuzaa. Alitueleza kwamba mama akishapata watoto huwabeba mdomoni. Akasema samaki mwenye watoto mdomoni hawezi hata kukutukana, basi usimwonee.

Hapo ndipo mchango wetu ulipoanzia. Mzee Bayo aliweka kapu kwenye njia ya kutokea ziwani. Aliyependa alitumbukiza samaki, asiyependa alipita, na ilikuwa marufuku mtu kusimama pale kutazama nani katoa nini. Alikuwa akisema kwamba kutoa ni moyo, na moyo hauchungulii kapu la jirani. Samaki wa kapuni waliuzwa mnadani Katesh, tukapata nguzo, kamba, na mikokoteni ya punda ya kubebea miiba. Tukaifunga ile ghuba kwa boma la miiba, upande wote wa nchi kavu, ili hata mguu wa mtu usikanyage mle mpaka samaki wazae. Tulipomaliza tulisali, tukapongezana. Kwa kweli tulijiona watu wema.

Lakini mwanangu, penye wema wa haraka ndipo shetani hupata kiti. Hatukumwuliza mtu yeyote asiyevua.

Njia ya ng'ombe ilipita kwenye ghuba ile ile. Kiangazi kikikaza, wafugaji huwapeleka ng'ombe kulamba chumvi kwenye ziwa la Balangida, halafu huwaleta kwenye ziwa letu wanywe. Sisi tuliliona hilo kila mwaka wala hatukulifikiri. Ng'ombe wetu wa milimani ni wawili au watatu, wanalala nyumbani pamoja nasi, na chumvi tunawalambisha kiganjani. Hatukujua ng'ombe aliyeshiba chumvi ya Balangida na kutembea juani akinusa maji anakuwa kitu gani.

Tulijua mchana ule. Kwanza tuliona vumbi. Kisha tukasikia mlio, si ule wa ng'ombe wa kawaida, ila mmoja mrefu usiokatika, kama nchi yenyewe inalia. Tukakimbilia kwenye boma letu tukasimama ndani yake, migongo kwenye matete. Karibu yangu alikuwa Sulle, kijana hodari kuliko sisi sote, na mkononi alikuwa na panga. Wengine walikuwa na mapanga pia, maana tulikuwa tumekata miiba asubuhi kuziba mapengo. Nilitamani mikono yetu ingekuwa mitupu.

Wafugaji vijana walifika mbele ya ng'ombe wao wakiwa na mikuki. Walipoona miiba walisimama kama watu waliokuta nyumba ya mgeni juu ya kaburi la baba yao.

Mmoja wao akauliza, "Nyinyi wala nyoka, mmefuga nyoka wenu humo ndani?"

Sulle akamjibu, "Ndiyo. Na hawa wetu hawaingii kwenye shamba la mtu."

Wengine wetu walicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko tusi. Nikaona mkuki mmoja umeshuka kutoka begani ukakaa mkononi. Ng'ombe wa nyuma waliwasukuma wa mbele, na wa mbele wakaanza kusukuma miiba kwa vifua. Dume mmoja alichanika shingo, damu ikamtiririka, naye hakurudi nyuma hata hatua. Nguzo zetu zililia. Moyoni niliomba, lakini nikiri kwamba sikumaliza hata sala moja.

Ndipo akatokea mzee wao, Gidabasho, mrefu, mkavu, mgolole begani. Mkuki wake alikuwa amemwachia mtu, na mkononi alishika majani mabichi. Kwao na kwetu pia, mtu mwenye majani mabichi mkononi hapigwi wala hapigi. Mzee Bayo, aliyekuwa akivua upande wa pili, alikuwa amefika akihema. Akang'oa tete bichi, akapita katikati ya miiba, akatoka nje mikono imechanika, akasimama mbele yake. Ng'ombe wanasukuma, mikuki iko wazi, panga la Sulle liko juu, na Mzee Bayo akamwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," Gidabasho akajibu. "Ila ng'ombe hawa hawajui marahaba."

Mzee Bayo akamweleza kwa maneno machache tulichokuwa tunakilinda. Gidabasho alisikiliza macho yakiwa kwenye ng'ombe. Hakubisha wala hakutucheka. Aliuliza swali moja tu, kama kuna mahali pengine ambapo ng'ombe anaweza kushuka bila kuzama. Akasema angeweza kumzuia ng'ombe kiongozi kwa muda mfupi, na akishindwa, hata Mungu itabidi awapishe. Mungu amsamehe, alisema hivyo kwa uchungu.

Mahali pengine palikuwepo, na sote tulipajua. Palikuwa mwambani kwetu.

Nikueleze huo mwamba. Ni jiwe kubwa linaloteremka majini taratibu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Chini yake hakuna mchanga, kwa hiyo hakuna samaki anayezalia hapo, lakini maji yake yana kina, na wakubwa hupita karibu. Pale ndipo tulipovulia. Kila mmoja alikuwa amejijengea kiti cha mawe, na kiti cha mtu kiliheshimiwa kama kitanda chake. Kupitisha ng'ombe pale kulimaanisha kuviangusha viti vyote, na kukubali kwamba kiangazi chote kilichobaki samaki wangekimbia kwato, nasi tungekaa bila kitu.

Mzee Bayo akageuka akatuambia tukaufungue mwamba. Hakuna aliyejongea. Sulle ndiye aliyesema tulichokuwa tunakifikiri. Kiti chake kilijengwa na kaka yake, aliyekwisha kufariki.

"Mzee, sisi ndio tuliochanga," akasema. "Wao hawajatoa kitu. Sasa tuliochanga ndio tuondolewe?"

Mzee Bayo hakupaza sauti. Mpaka leo naisikia.

"Sulle mwanangu, mmechanga miiba, na miiba huota bure. Mmetoa samaki wa jana mkijua wa kesho yupo. Mchango ni kile kitu ambacho mkono bado unakishikilia wakati mdomo umeshasema chukua. Sasa ndiyo tunachanga."

Akatuacha. Alikwenda mwambani, mzee yule, akainama kwenye kiti chake mwenyewe akaanza kulibingirisha jiwe la kwanza majini. Nikamfuata. Sijui kama nilifuata kwa imani au kwa aibu. Mungu anajua, na amepokea. Wengine wakaja. Tulitupa mawe, tuking'oa fito zetu za kuvulia na mishipi ikituning'inia miguuni, na huko nyuma tulisikia nguzo ya boma ikikatika, na vijana wao wakipiga kelele kuwazuia ng'ombe wasiingie kwenye matete. Ndiyo, mwanangu, wao walikuwa wakiwazuia. Wale waliotuita wala nyoka walikuwa wamegeuza migongo kwetu na kuwakabili ng'ombe wao wenyewe.

Kiti kimoja kilibaki katikati ya mwamba. Sulle alisimama mbele yake na panga lake. Gidabasho alikuwa ameshamgeuza ng'ombe kiongozi, anakuja naye akimpigia mluzi, na nyuma yake nchi nzima inakuja. Tulimwita Sulle atoke. Hakutoka. Nilifikiri atakufa pale pale juu ya mawe ya kaka yake. Kisha nikaona panga limeanguka. Alilikumbatia jiwe la juu kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa, akaliteremsha, na la pili, na la tatu, analia, mpaka tukamvuta pembeni kwa nguvu ng'ombe walipofika.

Walikunywa. Sijasikia tena sauti kama ile ya kundi zima likinywa.

Wa mwisho mwisho walipokuwa wakishuka, mtamba mmoja mweupe aliteleza kwenye jiwe lililolowa. Tulisikia mguu ukivunjika. Sisi tulikuwa tumeifunga njia yake aliyoizoea, sisi ndio tuliomwonyesha mwamba, na kwa Wabarbaig mtamba si mali tu, ni binti wa nyumba. Wale vijana wakashika mikuki upya. Mzee Bayo alifungua kinywa, nadhani ili aahidi fidia, ambayo sote tukiuzwa tusingeilipa.

Gidabasho alichuchumaa akamshika mtamba kichwani. Kisha akainuka akatutazama: viti vilivyoanguka, mikono iliyochanika, Sulle na machozi yake. Akawaambia vijana wake kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie:

"Wekeni chini mikuki. Hawa wametoa mahali pao pa kula. Mimi huyo nyoka wao sitamwonja mpaka nife. Lakini mtamba huyu hakupotea. Huyu ni mchango wangu."

Mtamba akachinjwa pale, nyama ikagawanywa, tukala pamoja watu wa mlima na watu wa uwanda. Wavu wa kokoro haukuingia tena kwenye ghuba ile kwa miaka mingi, maana aliyejaribu alikutana na wafugaji kabla hajakutana na sisi.

Basi mwanangu, unaniuliza kwa nini utoe wewe kwanza. Nakujibu kama mtu aliyekuwepo: kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutoa kwa kulaumiwa kwamba hatoi. Gidabasho hatukumwomba, wala tusingethubutu. Aliona mikono yetu inaachia, na yake ikaachia. Toa mchango wako, na usimsimamie mwenzako kapuni. Ukikataa, kataa kwa amani, maana hiari ni hiari. Ila kabla hujafunga hata hatua moja ya ufuko kwa ajili ya samaki, nenda kwa yule asiyekula samaki. Mwamkie. Mwulize mifugo yake inanywea wapi, na mke wake anachotea maji wapi. Ungeshangaa jinsi mtu unayemdhani adui anavyoijua njia uliyokuwa unaitafuta. Na siku mchango utakapokuuma, usikimbie. Ulipokuwa haukuumi ulikuwa bado hujaanza.

Nami nakubariki, wewe unayesoma, uwe mvuvi, mfugaji, mkulima au mpita njia. Mungu akupe maji karibu na mlango wako na jirani mwema ng'ambo yake. Akujalie kiganja kinachofunguka, watoto watakaokuta ziwa limejaa, na uzee wa kusimulia bila hofu. Amani yake ikae nawe na nyumba yako. Amina.