Rozari Juu ya Dungu

Mahindi machanga yakianza kutoa ndevu huwa na harufu ya majani mabichi na maziwa, na msimu ule nadhani harufu hiyo ilivuka mipaka ya nchi, maana ngedere wa dunia nzima walihamia kijijini kwetu Maposeni. Nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kupiga debe kila nikiona mkia. Shamba letu lilipakana na la Bibi Mwanaisha, mjane aliyeolewa huku kutoka Tunduru, na tulilinda kwa zamu: mwenye zamu analinda mashamba yote mawili, mwenzake anapumzika. Siku za zamu ya bibi, mimi nilikwenda mafundisho ya komunyo ya kwanza.

Huko mafundisho tuliambiwa kwamba rozari humkimbiza shetani. Nikawaza, kitu kinachomshinda shetani kitashindwaje na ngedere? Alasiri moja ya zamu yangu nikaitundika rozari kwenye nguzo ya dungu, nikasali haraka haraka, nikashuka zangu mtoni kucheza. Dua la kuku halimpati mwewe. Niliporudi, shamba letu lilikuwa limedonolewa kidogo tu. La Bibi Mwanaisha, lililokuwa upande wa msitu, lilikuwa limenyolewa kama kichwa cha askari. Rozari ilikuwa palepale inaning'inia. Nikamwambia mama kwamba walikuja wengi, wakanishinda nguvu.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri akanipa malipizi ya Salamu Maria kumi. Nikasali ishirini, za ziada ziwe akiba. Nilitoka kanisani mwepesi kiasi kwamba upepo ungeniokota. Wepesi huo ulidumu mpaka Jumatatu mchana, mama aliponituma nimpelekee Bibi Mwanaisha bakuli la maboga ya kuchemsha. Nilimkuta amekaa mlangoni, midomo imemkauka.

"Rudi nalo, mjukuu wangu. Nimefunga."

Ramadhani ilikuwa mbali. Akanieleza kwamba mwaka uliopita malaria ilimlaza, akala siku saba za mfungo na hakuwahi kuzilipa. "Mwenyezi Mungu amenikumbusha kwa ngedere. Nikimaliza saba, nitaongeza nyingine saba za kuomba radhi." Mama alishamsihi aache, na bila shaka maboga yale yalikuwa ya kumshawishi, kwani siku chache kabla bibi alikuwa ameanguka karibu na kisima kwa kizunguzungu. Hakusikia la mtu.

Nilirudi na bakuli langu nikiwa na swali lililonizidi umri. Mimi nilishasamehewa, padri mwenyewe alisema; sasa mbona kuna mtu anakaa na njaa kwa ajili ya kosa langu? Nikajipa moyo kwamba Mungu, kwa kuwa anajua kila kitu, atamweleza bibi mwenyewe. Nikamsubiri siku mbili nzima. Hakumweleza. Siku ya tatu nilimkuta bibi ameshika ukuta ili aweze kusimama, nikayamwaga yote kwa pumzi moja, rozari, mto na uongo.

Akajishusha taratibu, akakaa kizingitini. "Kwa hiyo Mungu hana ugomvi na mimi?"

"Hana, bibi."

"Zile saba ni deni langu, nitazilipa nikipata nguvu. Ila ngedere ni wako. Nenda kwa mama yako ulete chakula, halafu urudi nikugombeze."

Alinigombeza huku anakula, na alikula polepole makusudi. Tangu siku ile hadi mavuno nililinda zamu yangu na yake, na mama alimpa magunia mawili kutoka shamba letu.

Siku hizi nashona nguo mjini, mtaa wa Lizaboni, na elimu yangu niliimalizia ukubwani kwenye masomo ya jioni. Wenzangu wa darasani walipenda kuniuliza kama bado ninaamini. Ninaamini, na misa sikosi. Lakini nikiharibu kitambaa cha mteja, ninakwenda kwake kwanza, na kanisani baadaye. Nisidanganye kwamba nimezoea. Nazunguka mtaa mzima mara mbili kabla ya kubisha hodi, na kila mara natamani ningeanzia kwenye kitubio kwa padri. Kule angalau kuna pazia.