Sabuni Kwenye Mfuniko wa Tangi

Mashine ile ilikuwa inaondoka Msimbati vizuri, inanguruma hasa, halafu tukikaribia mdomo wa Ruvuma inaanza kuchoka na kukohoa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye niliyekuwa naendesha naye boti ya abiria. Basi anafungua mfuniko wa tangi, anachungulia petroli, anafunga. Mashine inapata nguvu.

"Mkono ndio huu, shemeji!" ananitania. "Wako wewe wa kumenyea mihogo."

"Na dada yako anaisifu hiyo mihogo," namjibu.

Abiria wanacheka mpaka ng'ambo. Nazikumbuka siku zile.

Fundi wa mashine wa Chuno simsamehe. Mara tatu alibadilisha plagi, akasema mashine imezeeka. Tangi hakuligusa hata siku moja.

Siku moja shemeji alibaki msibani, nikaenda peke yangu. Kati ya abiria yumo mama yake, yaani mkwe wangu, kakaa mbele kanipa mgongo, heshima ya ukweni. Mdomoni mwa mto mashine ikazima. Maji yalikuwa yanakupwa, yanatoka kwenda baharini, yakatubeba kuelekea fungu la mchanga, pale mawimbi yanapovunjika. Boti ikifika pale kwa ubavu, inapinduka. Nikabadilisha plagi, nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Wapi!

Mkwe hakugeuka. Akamwambia mama wa pembeni yake, "Mwambie baba huyo afungue mfuniko. Mwanangu hufungua kila siku."

Nikafungua. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini. Nikaminya pampu, nikavuta kamba, ikawaka. Tukatoka mawimbi yameshatulowesha.

Nchi kavu nikaukagua mfuniko. Kitundu cha hewa kimezibwa na sabuni ya mche, vile tunavyoziba madumu yanayovuja. Hewa haiingii, petroli haitoki. Aliyeziba ni shemeji, ili unga wa abiria usinuke petroli. Nilipomuuliza nyumbani kwao akaruka kimanga: "Fundi huyo!"

Mama yake akasema akiwa nyuma ya mlango, "Kipande cha sabuni ulichukua kwangu."

Sabuni ningemsamehe. Uongo ulinishinda. Tukaachana kazi, na sasa yuko Madimba. Tukikutana ni salamu tu, kila mtu na njia yake.

Kitundu kiko wazi, mashine haikohoi tena. Lakini nikifika mdomo wa mto naufungua mfuniko, nachungulia, nafunga. Hakuna wa kuutukana mkono wangu.