Safu ya Ukoo na Kufuli ya Namba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kabati la chuma, kufuli mbili na onyo. Ilikuwa hospitali moja ya Karagwe, na aliyenipokea alikuwa Mtunza Kumbukumbu Mkuu, mama wa Kihaya kutoka Muleba, Mlutheri asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Aliniambia, "Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni wewe. Ukikutana na mgonjwa njiani, ngoja akusalimie yeye. Asipokusalimia, humjui." Nilikuwa kijana mwenye majivuno ya cheti, nikaona anakuza mambo.

Nilimwelewa dawa za virusi vya UKIMWI zilipofika. Watu walikuwa wakivipita vituo vya karibu na kwao na kuja kwetu, mbali, wasionekane na majirani. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa Mabira, mwenye mtoto wa kike mgongoni. Jina lake sitalitaja hata leo.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu kosa la mtu mvivu huonekana mapema, ila langu lilitokana na bidii. Huku kwetu majina hufanana. Unaweza kuwa na akina mama watatu wa jina moja, kijiji kimoja, na wote wamekuja siku hiyohiyo. Siku moja mafaili mawili yakabadilishana, mtu nusura apewe dawa isiyo yake. Nikachukua rula nikachora safu mpya kwenye rejista: ukoo. Tangu hapo hakuna aliyechanganywa na mwenzake. Mama wa Muleba akanisifu, na sifa zake zilikuwa adimu, kwa hiyo nilitembea nazo wiki nzima.

Baada ya miaka zikaja kompyuta. Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi, akanifanya mtu wa TEHAMA kwa kuwa ni mimi pekee niliyejua kuzima jenereta bila kuiua kompyuta. Nikaingiza rejista zote za zamani, safu ya ukoo ikiwemo. Kila Ijumaa nakala ilisafiri kwa mtandao kwenda kwenye hifadhi ya mbali, ikiwa imesimbwa, maana yake maandishi yamegeuzwa kuwa vurugu isiyosomeka bila ufunguo.

Ufunguo wenyewe ulilindwa na hesabu. Chukua namba tasa mbili, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, ziwe ndefu mno, uzizidishe. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ukimpa mtu jibu peke yake umwambie atafute zile mbili, kompyuta za kawaida zitazeeka kabla hazijamaliza. Niliipenda sana hesabu hiyo. Ilinipa usingizi mzuri.

Yule mama wa Mabira aliniona nikiingiza taarifa zake, akainamia dirisha. "Daktari, hiyo mashine haitanisema?" Mimi si daktari, ila huku kwetu kila anayekaa upande wa ndani wa dirisha ni daktari. "Huyu mtoto ni mzima," akaendelea, "sitaki aje akute jina langu linatembea." Nikamjibu, "Haitakusema milele, mama." Milele. Nililitamka kwa kinywa kipana.

Miezi michache kabla ya kustaafu nikapelekwa mafunzo Bukoba. Mkufunzi alikuwa binti mdogo, mwenye heshima na asiyebembeleza. Alitueleza habari za kompyuta za kwanta, mashine zinazofanya hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo kabisa. Hizo, alisema, hazijaribu funguo moja baada ya nyingine. Kuna algorithimu, yaani utaratibu wa hatua za hesabu, inayozifanya namba ziende kama mawimbi: majibu mabaya yanafutana, jibu zuri linapata nguvu, na mpigo, yaani mfuatano unaojirudia uliojificha ndani ya ile namba kubwa, unajitokeza. Ukishaujua mpigo, namba tasa zako mbili hizo hapo mezani.

Nikauliza kama mashine hiyo ipo. "Zipo ndogo, Mzee. Yenye uwezo wa kuvunja kufuli zetu bado. Lakini wezi hawaingoji. Wananasa leo vilivyofungwa, wanaviweka, wavifungue itakapokuja." Akilini nikamwona mkulima wa Ihanda aliyejaza kahawa ghalani, anangoja bei. Kisha mkufunzi akaniuliza, "Siri zako zinatakiwa zidumu miaka mingapi?" Nikaikumbuka ile safu niliyoichora kwa rula. Mgonjwa hufa na ugonjwa wake. Ukoo haufi, huelekeza kwa watoto na wajukuu wake, na mimi ndiye niliyeuandika.

Niliporudi nilimwendea Mganga Mfawidhi. Alisikiliza, akasema, "Unalia msiba wakati mgonjwa bado anakula."

"Mganga," nikamwuliza, "chanjo tunachoma lini, kabla au baada?"

Akachukua kalamu, akasaini kibali. Tukaifuta safu ya ukoo, kila mgonjwa akapewa namba yake, tukaomba kufuli mpya zilizojengwa kwa hesabu nyingine ambayo mpaka sasa kwanta haijajulikana kuiweza. Nilistaafu kazi hiyo ikiwa imekamilika. Lakini zile nakala za Ijumaa zilikwisha safiri, na kama kuna aliyezinasa njiani sijui, wala hakuna wa kuniambia. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliona aibu, na aibu ya uzeeni haina pa kwenda.

Nikapanda bodaboda mpaka Mabira. Nilisimama njiani karibu na migomba ya yule mama, nikangoja anisalimie kwanza, kama nilivyofundishwa. Akatokea kati ya migomba. "Daktari," akasema, "karibu."

Nilimweleza yote nyuma ya jiko, bila kujitetea. Ndani tulimsikia binti yake, yule wa mgongoni, akipanga vyombo. Alikuwa ameshatolewa mahari, na harusi ilikuwa karibu. Hakuwa akijua lolote.

"Miaka mingapi?" mama akauliza.

"Hakuna ajuaye. Huenda kumi, huenda zaidi. Huenda isitokee kabisa. Lakini nilikuambia milele, na milele sikuwa nayo."

Alichuma jani kavu la mgomba, akalikunja, akalikunja tena. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda.

"Mashine isimwambie mtoto wangu kabla yangu," akasema. Akaita jina la binti. Binti akatoka akifuta mikono, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mzee." Nikaitikia marahaba, nikavuta kigoda ili niwepo, nimsaidie mama kueleza.

"Wewe nenda, Daktari," mama akasema taratibu. "Umetunza vya kutosha. Hii iliyobaki ni yangu."

Nikaondoka. Nilipofika barabarani niligeuka nikawaona wameketi wote wawili kwenye ngazi ya jiko, magoti yakigusana. Alimwambiaje, na binti akajibu nini, sijui, na safari hii sikuandika popote.